LM35 inasoma vizuri hadi nyuzi 31, halafu ghafla inaonyesha -31: msiitupe, kihisi ni kizima

#1 Fundi_Mwandiga (Kigoma)

Habari za jioni wakuu.

Nimeona jambo hili likae kwenye uzi mmoja, maana naulizwa mara kwa mara na watu tofauti, na majibu yanayozunguka kwenye makundi ya simu yanawapotezea vijana hela.

Hali yenyewe iko hivi. Mtu amefunga Arduino Uno, ule ubao mdogo unaopakiwa programu, na kihisi cha joto LM35 ndani ya kaushio la dagaa, lile banda dogo la mbao lililofunikwa nailoni angavu. Kebo ya USB inaingia kwenye kompyuta, dirisha la Serial Monitor, linaloonyesha kinachotumwa na Uno, liko wazi, namba zinashuka moja baada ya nyingine. Asubuhi anaona 24, 25, 27. Jua likipanda anaona 30, 31. Halafu:

```
31
31
-31
-31
-30
```

Anazima, anawasha. Anabadilisha waya. Anaagiza LM35 nyingine Dar, inakuja na basi, anaifunga, nayo inafanya vile vile. Wapo walioamua kwamba LM35 zote zinazouzwa siku hizi ni feki.

Kihisi hakina kosa, na waya hazina kosa. Programu waliyonakili ina mstari huu:

```
int joto = ghafi * 500 / 1024;
```

LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo kwenye nyuzi 30 inatoa milivolti 300. Ndani ya Uno kuna maikrokontrola ATmega328P, na kigeuzi chake cha analogi kwenda dijitali ni cha biti 10. Kinagawanya volti 0 hadi 5 katika ngazi 1,024, kila ngazi karibu milivolti 4.9, na amri ya analogRead inakurudishia namba ya ngazi, kuanzia 0 hadi 1023. Hiyo ndiyo naiita namba ghafi. Kwenye nyuzi 30 ni 61. Ukizidisha kwa 500 unapata 30,500, ukigawanya kwa 1,024 unapata 29 na ushei, na ushei hutupwa kwa sababu ni hesabu ya namba kamili. Mpaka hapo mambo ni shwari.

Sasa kwenye Uno, int, yaani chombo cha namba kamili, ina biti 16 tu. Inabeba kuanzia -32,768 hadi 32,767. Ghafi ikiwa 65, mara 500 ni 32,500, inaenea. Ikiwa 66 ni 33,000, haienei. Inafanya kama mita ya kilomita ya pikipiki iliyofika mwisho, inazunguka na kuanza upande wa pili, na huko ndiko kufurika: 33,000 inakuwa -32,536. Gawa kwa 1,024, unapata -31.

Na tazameni hili: 32,768 gawanya kwa 1,024 ni 32 kamili. Ndiyo maana wote mnalalamikia nyuzi zile zile. Hakuna kitu chochote kinachotokea kwenye LM35 ikifika 32.

Dawa yake:

```
float joto = ghafi * 500.0 / 1024.0;
```

Au kama hutaki desimali, andika 500L badala ya 500, hesabu itafanyika kwa biti 32.

Ila kubwa kuliko dawa ni tabia. Kabla hujachapisha nyuzi, chapisha namba ghafi. Aliyekuwa na ghafi mbele ya macho angeona 64, 65, 66, 67, inapanda taratibu kama jua lenyewe, na angejua papo hapo kwamba kihisi kinafanya kazi yake na kosa liko mbele ya hapo. Volti, ghafi, hesabu, siriali (njia inayopeleka namba kwenye kompyuta). Namba inapita mikononi kwa wanne kabla haijakufikia. Usimlaumu wa kwanza kwa kosa la wa tatu.

Maswali karibuni.

#2 Mgebuka_Mbichi (Ujiji)

Shukrani mkuu. Mimi natumia ESP32, bodi nyingine yenye Wi-Fi, na mstari kama huo, nimebadilisha tu 500 kuwa 330 na 1024 kuwa 4095. Haijawahi kuruka hasi hata mara moja, na kaushio langu linafika 45. Sasa si ina maana Uno za bei rahisi ndizo tatizo?

#3 Fundi_Mwandiga

Hapana kaka. Kwenye ESP32 int ina biti 32, inabeba mpaka bilioni mbili na zaidi, kwa hiyo mstari ule ule unaponea. Uno halisi iliyotengenezwa Italia nayo ingeruka hasi vile vile. Programu moja, mashine mbili, majibu mawili, na ndiyo sababu mtu wa ESP32 akimshauri mwenye Uno kwa kusema "mbona kwangu inafanya kazi" anampoteza.

Lakini na wewe una mambo mawili ya kuangalia. LM35 inataka kulishwa kuanzia volti 4 kwenda juu, kwa hiyo kama umeichukulia umeme kwenye pini ya 3.3 ihamishie kwenye 5V. Waya wa matokeo hautaiumiza ESP32, kwa sababu hata kwenye nyuzi 100 ni volti 1 tu. Pili, kigeuzi cha ESP32 hakijanyooka, kina kona karibu na sifuri na karibu na kilele. Badala ya kugawanya kwa 4095 mwenyewe, tumia analogReadMilliVolts, inatumia usahihisho uliowekwa kiwandani ndani ya chipu. Na kama unatumia Wi-Fi, kihisi kikae kwenye pini za kigeuzi cha kwanza, kama 32 hadi 36 na 39, kwa sababu kigeuzi cha pili kinagombana na Wi-Fi.

#4 Bani_la_Urambo (Tabora)

Mwangaluka wakuu.

Huku kwetu ni tumbaku. Tumeweka Uno kwenye bani la kukaushia ili tusiamke usiku kucha kwenda kuchungulia kipimajoto dirishani. Mstari wetu ni huo huo, nimeuona kwa macho yangu sasa hivi. Ila sisi kilichotushangaza si hasi. Usiku ule tulikuwa tumeshafika hatua ya mwisho, ya kukausha mshipa wa kati wa jani, moto umekolea, ukisogelea ukuta unarudi nyuma. Kompyuta inasema 5. Nyuzi tano! Mzee akasema mashine imelewa, tukaizima.

Hii nayo ni kufurika?

#5 Fundi_Mwandiga

Ni kufurika, na nakushukuru sana kwa kuileta, kwa sababu ya kwako ni ya hatari kuliko ya dagaa.

Fuata hesabu. Hatua hiyo ya mwisho bani huwa karibu na nyuzi 70. LM35 inatoa milivolti 700. Ghafi inakuwa 143. Mara 500 ni 71,500. Int ya biti 16 inazunguka kila baada ya 65,536, kwa hiyo kinachobaki ni 5,964. Gawa kwa 1,024, unapata 5. Ndiyo ile tano yenu.

Kwa maneno mengine, joto likipanda kutoka 32 kwenda 64, kompyuta inapanda kutoka -31 kwenda 0. Likivuka 64 inaanza upya kutoka 0, safari hii chanya. Namba hasi inajitangaza kuwa ni mbovu, hata mtoto anajua Tabora hakuna barafu bani likiwaka. Lakini jioni ya kwanza mkianzisha rangi ya njano kwenye nyuzi 35 hivi, ikaonyesha hasi, mkaizoea na kusema "itakaa sawa yenyewe", usiku wa mwisho itaonyesha namba chanya inayopanda taratibu, na hapo mtu anaweza kuamini.

Nina ombi moja la dhati. Kama mmefunga feni au kilisha moto kinachojiendesha kwa namba hiyo, kitoeni leo mpaka mstari urekebishwe. Mashine inayoamini bani lina nyuzi 5 itaongeza moto.

#6 Bani_la_Urambo

Hatujafunga bado, tulikuwa tunapanga. Asante sana. Mzee nimemweleza, anasema sasa ameelewa.

#7 Chanja_za_Katonga

Samahani wataalamu, mimi si fundi, nauza dagaa. Mwanangu ndiye anashika hizo waya. Nauliza tu, hii namba ya joto inatusaidia nini sisi? Jua likiwepo tunaanika kwenye chanja, mvua ikija tunakimbia kufunika.

#8 Fundi_Mwandiga

Mama, swali lako ndilo lenye kazi yote humu, sisi tumekimbilia waya.

Masika yakishaanza, hapa kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili, dagaa wa chanja analowa, anavunjika, bei inaanguka. Kaushio la nailoni linamkinga. Ila kaushio lina ubaya wake: ukilifunga kabisa jua likiwa kali, ndani panapikika. Dagaa anakakamaa nje haraka, maji yanabaki ndani, na baada ya siku chache gunia linanuka. Ukilifungua sana, joto linatoka na unakuwa umerudi kwenye chanja. Namba ya joto inakuambia saa ngapi ufungue madirisha na kiasi gani. Kwa mkono hautambui tofauti ya nyuzi 42 na 52, yote ni moto tu. Mashine inatambua.

Joto peke yake halitoshi, unyevu wa hewa nao una neno lake, na LM35 haipimi unyevu. Lakini anza na joto. Mwambie kijana akuwekee namba kwenye karatasi kila saa kwa msimu mmoja, na wewe uandike kando yake dagaa walivyotoka. Baada ya hapo utamfundisha yeye.

#9 Sola_Kibirizi

Mkuu Mwandiga, maelezo yako mazuri ila kwangu hayakai. Nimesema nisirekebishe kwanza, nithibitishe. Nimeweka LM35 sambamba na kipimajoto cha zebaki. Inaruka hasi zebaki ikiwa 30 na nukta, haijafika 32. Umesema 32 kamili.

#10 Fundi_Mwandiga

Unalisha Uno kwa nini? Kompyuta, au pawabenki?

#11 Sola_Kibirizi

Pawabenki ya sola. Kebo ndefu kidogo. Namba nasoma kwenye simu kwa waya wa OTG baadaye.

#12 Fundi_Mwandiga

Chukua mita, weka kwenye volti za DC, pima kati ya pini ya 5V na GND (ardhi ya umeme) ubao ukiwa unafanya kazi.

#13 Sola_Kibirizi

4.70.

#14 Fundi_Mwandiga

Ndiyo hiyo. Na hapa tumefika mahali ninapopenda kuliko pote kwenye habari hii.

Analogi ya Uno haipimi volti. Inalinganisha. Inauliza: hiki kilicho kwenye A0, pini inayopokea waya wa kihisi, ni sehemu gani ya umeme wangu mwenyewe? Umeme wako ukiwa 4.70 badala ya 5, ngazi 1,024 zinagawana 4.70. Programu haijui, inaendelea kudhani 5. Kwenye nyuzi 30 za kweli LM35 inatoa milivolti 300, Uno inasoma ghafi 65, na kwa hesabu ya 5V hiyo ni 31.7. Umeongezewa karibu nyuzi mbili bure. Ghafi 66, pale hesabu inapofurika, kwako ni milivolti 303, yaani nyuzi 30.3. Zebaki yako iko sahihi, 32 yangu iko sahihi, kilichokosea ni zile 5 tulizoandika bila kupima.

Kwa hiyo ukirekebisha kufurika tu, utapata namba nzuri laini isiyoruka, na bado itakuwa ya uongo kwa nyuzi mbili. Kwa kaushio nyuzi mbili si kitu sana. Kwa bani la Urambo kwenye nyuzi 70 kosa hilo hilo ni zaidi ya nyuzi nne, na wenye tumbaku wanajua nne ni nini.

Njia mbili. Ya kwanza, pima pini ya 5V kwa mita na uandike ulichokipata kwenye programu. Inafaa kama chanzo cha umeme hakibadiliki. Ya pili, nayoipendelea kwa LM35, ni kuiambia Uno itumie kipimo chake cha ndani cha volti 1.1:

```
analogReference(INTERNAL);
```

Hapo pawabenki ishuke ipande, kipimo kinabaki pale pale. Tena kila ngazi inakuwa karibu milivolti 1.07, yaani sehemu ya kumi ya nyuzi, wakati kwa 5V kila ngazi ni karibu nusu nyuzi. Mwisho wake ni volti 1.1, sawa na nyuzi 110, bani haifiki huko. Angalizo: usiunganishe umeme wowote kwenye pini ya AREF ukiwa kwenye hali hii, na hiyo 1.1 yenyewe inatofautiana chipu kwa chipu, inaweza kuwa kati ya 1.0 na 1.2. Ipime mara moja kwa mita kwenye pini ya AREF, iandike kwenye programu, basi.

#15 Mgebuka_Mbichi

Swali dogo. Wengine wanagawanya kwa 1023, wewe 1024. Ipi?

#16 Fundi_Mwandiga

1024. Ndiyo iliyo kwenye maelezo ya chipu yenyewe. Tofauti haifiki sehemu moja kwa elfu, usikose usingizi.

#17 Kijana_wa_Chanja

Shikamoo mzee Mwandiga. Mimi ndiye mtoto wa Chanja za Katonga hapo juu. Nimeweka INTERNAL kama ulivyosema, nikaandika ghafi * 110 / 1024. Namba ghafi sasa ni kubwa, inafika 290 na kitu. Lakini imeruka tena kwenye 32! Nilidhani kwa sababu sasa nazidisha kwa 110 badala ya 500 itakuwa imepona.

#18 Fundi_Mwandiga

Marahaba mwanangu. Umefanya jaribio zuri sana.

Ghafi 297 mara 110 ni 32,670, inaenea. 298 mara 110 ni 32,780, imepita 32,767. Umepunguza cha kuzidishia, lakini ghafi imeongezeka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo zao lao halikubadilika. Maadamu unatafuta nyuzi kwa namba kamili na unagawanya kwa 1,024 mwishoni, ukuta utakuwa 32 daima, kihisi chochote, kipimo chochote. Ukitafuta sehemu za kumi za nyuzi ili upate desimali kwa ujanja, ukuta utakuja mapema zaidi, kwenye nyuzi 3.2.

Weka 110.0 na 1024.0. Au 110L.

#19 Kijana_wa_Chanja

Imekubali! 33.4, 34.0, 34.2. Sasa kuna jambo lingine. Kihisi kiko katikati ya kaushio, kompyuta iko ndani, waya ni kama mita sita. Namba zinacheza. 34.2, 35.9, 33.1, 36.0. Nikishika waya inacheza zaidi.

#20 Redio_Mbovu_Kigoma

Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya waya wa matokeo na GND, pale pale kwenye miguu ya kihisi. Itatulia.

#21 Fundi_Mwandiga

Mkuu Redio, kapasita ndiyo, ila si hapo. LM35 haipendi kubebeshwa kapasita moja kwa moja kwenye mguu wa matokeo. Inavumilia pikofaradi 50 tu, na hata waya mrefu peke yake unaweza kupita hapo. Ikizidiwa inaanza kutetemeka yenyewe na namba zinakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Fanya hivi kijana. Kwenye mguu wa matokeo wa LM35 lehemu rizista ya kilo-omu 2, halafu ndipo waya mrefu uanze. Upande wa Uno, kati ya A0 na GND, hapo sasa weka ile nanofaradi 100 ya mkuu Redio. Nyingine kama hiyo iweke kwenye kihisi, kati ya mguu wa umeme na wa GND. Kilo-omu 2 haitaharibu kipimo, kigeuzi cha ATmega328P kinaridhika na chanzo chenye ukinzani mpaka karibu kilo-omu 10. Waya uwe wa kusokotwa, matokeo na GND pamoja. Jozi moja ya waya wa mtandao wa kompyuta inafaa sana na ni rahisi kupatikana.

Na miguu uizibe. Ndani ya kaushio kuna mvuke wa dagaa, ukitanda kwenye miguu mitatu iliyo wazi umeme unavuja na namba inadanganya. Mpira wa kubana kwa moto juu ya kila mguu, kisha silikoni kidogo.

Mengine ya haraka: upande bapa ukikutazama, miguu ikiwa chini, kushoto ni umeme, kati ni matokeo, kulia ni GND. Ukigeuza inachemka mpaka inaunguza kidole. Ichomoe mara moja.

#22 Redio_Mbovu_Kigoma

Nimekupata mkuu, hiyo ya kutetemeka sikuijua. Kwenye redio tunaziweka popote.

#23 Sola_Kibirizi

Upande wa siriali nao utupe neno. Kwangu mara nyingine zinakuja alama za ajabu, na kila nikifungua dirisha hesabu ya muda inaanza sifuri.

#24 Fundi_Mwandiga

Alama za ajabu mara nyingi ni kasi mbili zisizolingana. Programu ina Serial.begin ya 9600, dirisha liko 115200, au kinyume chake. Zilinganishe, basi. Pini 0 na 1 ziacheni wazi, ndizo siriali yenyewe, ukifunga kitu hapo utapata takataka.

Kuanza sifuri ni kawaida ya Uno. Kompyuta ikifungua mlango wa siriali inaiwasha upya bodi. Haijaharibika.

Na wale mnaochapisha bila kupumzika: kwa 9600 zinapita herufi 960 tu kwa sekunde, wakati analogRead moja inachukua sehemu ndogo sana ya sekunde, karibu maikrosekunde 104. Mkijaza foleni, programu nzima inasimama kusubiri siriali. Joto la kaushio halibadiliki kwa sekunde moja. Tumieni muda huo kusoma mara nyingi na kuchukua wastani.

Hii ndiyo ninayotumia mimi kwa sasa:

```
const int PINI = A0;
const float KIPIMO = 1.10; // volti ulizopima kwenye AREF

void setup() {
  analogReference(INTERNAL);
  Serial.begin(9600);
}

void loop() {
  long jumla = 0;
  analogRead(PINI); // ya kwanza itupwe
  for (int i = 0; i < 64; i++) {
    jumla += analogRead(PINI);
  }
  float ghafi = jumla / 64.0;
  float volti = ghafi * KIPIMO / 1024.0;
  float joto  = volti * 100.0;

  Serial.print(ghafi, 1);
  Serial.print(',');
  Serial.print(volti * 1000.0, 0);
  Serial.print(',');
  Serial.println(joto, 1);
  delay(2000);
}
```

Mstari unatoka hivi: 297.9,320,32.0. Ghafi, milivolti, nyuzi. Kukitokea ubishi, unaweka mita kwenye A0: ikisema 320, basi mpaka hapo bodi iko sawa. Koma nimeziweka ili mkitaka kunakili kwenye jedwali la kompyuta, kila kitu kiingie safu yake.

Na jumla ni long kwa sababu 64 mara 1023 ni 65,472. Mnajua tayari int ingefanya nini hapo.

#25 Bani_la_Urambo

Tumeipakia, inakwenda vizuri, bani sasa liko 38.6 na zebaki inasema 38 na nusu. Tulitaka kuhakiki upande wa juu kwa maji yanayochemka, kihisi tukikiziba vizuri. Ilipofika 96 ikagoma kupanda. Nirekebishe programu ifike 100?

#26 Fundi_Mwandiga

Usiiguse! Iko sahihi. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 kando ya bahari. Tabora mko juu, karibu mita 1,200, na huko maji yanachemka karibu na 96. Hapa Kigoma ziwa liko kama mita 770, yanachemka kwenye 97 na ushei. Ungelazimisha 100 ungeharibu kipimo kizuri. Upande wa barafu msihangaike nao, LM35 ikifungwa hivi inaanzia nyuzi 2 kwenda juu.

#27 Bani_la_Urambo

La mwisho kwangu. Tukija kufunga feni, panya akikata waya usiku itakuwaje? Nimechomoa waya wa matokeo kujaribu, namba haikwenda sifuri, inazurura tu, 20, 41, 33.

#28 Fundi_Mwandiga

Pini isiyofungwa popote inaelea, inaokota chochote kilicho hewani, na inaweza kuokota namba inayofanana na joto la kweli. Weka rizista ya kilo-omu 100 kati ya A0 na GND upande wa Uno. Waya ukikatika, ghafi inaanguka sifuri. Kama hujaweka ile rizista ya kilo-omu 2 kwenye waya, kipimo hakitausikia mzigo huo. Kisha, kabla ya kuamua lolote kuhusu feni:

```
if (ghafi < 50 || ghafi > 900) {
  Serial.println("KOSA: angalia kihisi");
  // feni na moto vibaki katika hali ya usalama
  delay(2000);
  return;
}
```

Kwa kipimo cha ndani, ghafi 50 ni nyuzi 5 na 900 ni karibu 97. Bani lenu halitafika upande wowote kati ya hizo. Mpaka tunaupima kwenye ghafi, kabla ya hesabu yoyote. Hali ya usalama ni ipi, hiyo mtaamua ninyi na mzee, kwa sababu anayejua jani linavumilia nini usiku ule ni yeye.